Damu Iliyokosa Njia

Jumatatu, 28 Aprili

Muhula wa pili umefunguliwa na mvua. Nilidhani likizo ingenipumzisha, kumbe nimerudi nimechoka kuliko nilivyoondoka. Bati la nyumba ya walimu linavuja palepale, juu ya kitanda, na yule fundi aliyeahidi kuja kesho sijamwona tangu Machi. Goti linauma. Nimesogeza kitanda.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Insha za Kidato cha Tatu, rundo zima. Kalamu nyekundu imeisha wino kabla sijafika nusu.

Ijumaa, 2 Mei

Bwana Nyangau, naibu wa mwalimu mkuu, ameniita ofisini akafunga mlango. Nikajua ni umbea, maana jambo la kazi huwa analipigia kelele uwanjani.

"Mwalimu Kemuma, huyo msichana wa darasa lako, Celestine. Umemwangalia tumbo?"

Nikamjibu kwamba mimi huwa naangalia madaftari.

"Sweta imekataa kufunga. Watoto wanaongea. Mpeleke apimwe kabla tuaibike sisi wote."

Celestine ni binti wa Mose, jirani yetu, ambaye chai yake imepakana na ua wa shule hii. Mose ni shemasi katika kanisa la Wasabato, mtu mkimya sana, huniamkia kwa kuvua kofia. Mkewe Gesare ndiye msemaji wa nyumba, ila kwa Kikisii tu. Kiswahili chake kinaishia sokoni Marani. Binti yao ananiandikia insha safi kuliko wote. Nimetoka pale nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani.

Jumatatu, 5 Mei

Nimempeleka zahanati, tukatembea kwenye matope. Karibu na daraja akasimama.

"Mwalimu, kwani nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Wanataka kuhakikisha."

"Hata boyfriend sina. Hata simu sina."

Muuguzi, Valarie, dada wa kutoka Homa Bay, alimpima mkojo. Hakuna mimba. Kisha akamlaza, akambonyeza chini ya mbavu za kushoto, akaniita nijionee. Kulikuwa na kitu kigumu pale, kikubwa kama papai. Akasema pengine ni bandama imevimba, malaria ya kurudirudi huweza kufanya hivyo, na kwamba mtoto apelekwe hospitali ya mjini akapigwe picha. Nikamweleza Gesare jioni nilipompitia. Akasema wataenda chai ikipungua. Mvua hizi chai haipungui, nami sikubishana naye.

Bwana Nyangau alipopata majibu alicheka. "Vipimo vya zahanati hivyo, mwalimu!"

Alhamisi, 8 Mei

Nimemsikia Natasha, yule mwenye mdomo mrefu kuliko wenzake, akisema nyuma ya darasa, "Wee, ako na boli, ni mimba hiyo, mnangoja nini?" Nimemfukuza nje akasimama kwenye mvua. Nimejuta baadaye kwa sababu ya mvua, si kwa sababu ya Natasha.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Goti. Hakuna la maana.

Alhamisi, 15 Mei

Mikono yangu bado inanuka damu ingawa nimeiosha kwa sabuni ya kufulia.

Kipindi cha tatu nilikuwa naandika ubaoni. Celestine akanyoosha mkono kuomba kutoka. Nilimwona uso umekuwa wa kijivu, nikamwambia, "Nenda, nenda upesi." Hakufika mlangoni. Alitapika damu juu ya dawati la mbele, damu nyingi, nyeusi, yenye mabonge, kisha nyingine nyekundu kabisa. Wasichana walipiga mayowe. Natasha ndiye aliyemshika asianguke, na sare yake yote ikaloa.

Lazima niandike pia kwamba Bwana Nyangau alileta gari lake mwenyewe bila kuulizwa, na akaendesha kwenye barabara ile mbovu huku damu ikichuruzika kwenye viti vyake. Tulipofika tu hospitali ya mjini akaninong'oneza: "Amekunywa kitu huyu. Amejaribu kuitoa." Nami, nikimtazama yule mtoto amelegea mapajani mwangu, niliona ni kweli. Niliona hakuna maelezo mengine.

Pale mapokezi ya dharura kulikuwa na daktari kijana, Oyoo, mtu wa upande wa ziwa. Walimtundikia maji mikono yote miwili. Daktari akainama sikioni mwake.

"Celestine, unanisikia? Umekunywa nini?"

"Vidonge."

"Vidonge vya nini? Nani alikupa?"

Macho yalikuwa yamefumba. Kisha akasema waziwazi, "Baba. Alinipea baba."

Daktari akainua kichwa akanitazama. "Umesikia, mwalimu?"

"Nimesikia."

"Ni baba yake mzazi anamaanisha?"

"Baba yake," nikasema. "Namjua. Ni jirani yetu."

Akaandika. Mimi nikaenda kuketi kwenye benchi, na hasira niliyokuwa nayo ningeweza kumvunja mtu mfupa. Nilimkumbuka Mose akivua kofia pale njiani, na upole wake wote ukageuka mbele yangu, nikauona ni wa mtu anayeficha jambo. Baba ampe binti yake vidonge vya kutoa mimba kwa sababu gani, kama si kwamba anajua mimba ni ya nani? Wazo hili silipendi hata kuliandika. Lakini nililiwaza, na nililiamini.

Ijumaa, 16 Mei

Celestine bado yuko hai. Wamemwongeza damu. Anahitaji nyingine.

Daktari alikuwa amempigia simu afisa wa watoto, kama anavyotakiwa kufanya. Alikuja mama mmoja wa makamo, mgeni huku, mwenyeji wa Machakos. Nikamweleza kwa Kiswahili kizuri kila nilichokisikia. Akanishukuru kwa ufasaha wangu. Nilifurahi kusifiwa, hata pale.

Mose alifika na chupa ya uji na ndizi. Afisa akamzuia mlangoni mwa wodi, akamwambia haruhusiwi kumkaribia mtoto mpaka uchunguzi wao umalizike.

"Kwa nini?" Mose akauliza.

"Unajua mwenyewe, mzee."

Akasimama pale kidogo kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua. Kisha akanigeukia na kuniuliza kwa Kikisii, taratibu, "Mwalimu, mtoto yuko hai?"

Nikamwambia yuko hai, nikampa mgongo.

Gesare yeye ameruhusiwa ndani. Amekaa chini kando ya kitanda tangu jana na hakuna anayemweleza kitu, maana kila kitu hapa husemwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Mimi ndiye ningemweleza. Sikumweleza. Nimemwambia tu kwamba mumewe ana maswali ya kujibu. Najiambia namhurumia, ila ukweli ni kwamba naye namwona mwenziwe katika jambo hili. Mama gani hajui?

Jumamosi, 17 Mei

Sabato yao. Habari zimefika kanisani kabla ya mchungaji. Wamemvua Mose mfuko wa sadaka wakampa shemasi mwingine. Bwana Nyangau amenipigia simu makusudi kunieleza. Mvua imenyesha toka asubuhi na sijatoka.

Jumapili, 18 Mei

Nimempelekea Celestine nguo. Mose alikuwa nje, amejikunyata ukutani mahali ambapo paa limetokeza kidogo, nusu yake imeloa. Maabara ilitangaza damu imepungua, ndugu wa wagonjwa wajitolee, akaenda akatoa. Bado alikuwa na pamba mkononi. Damu yake waliipokea, mwenyewe hawakumpokea, na mimi niliyepita mbele yake nikaona ni sawa.

Jumatatu, 19 Mei

Mashine ya picha ina foleni. Kesho, wamesema.

Jumanne, 20 Mei

Nitaandika yote, hata kama ni mpaka mkono ufe ganzi.

Picha imepigwa. Daktari Oyoo alituita mimi na Gesare kando ya kitanda, nitafsiri. Celestine ameanza kukaa, ameegemea mto. Daktari alichora nyuma ya kasha la glavu, na nilimpenda kwa hilo, kwamba alichora polepole kama tunastahili kuelewa.

Alisema hivi. Damu ya mkononi au mguuni ikimaliza kazi yake hurudi moyoni moja kwa moja. Damu ya tumboni haifanyi hivyo. Ya tumbo la chakula, ya utumbo wote, ya kongosho, ya bandama, yote hukusanywa na mishipa midogo mpaka inaungana kuwa mshipa mmoja mnene, na mshipa huo hauendi moyoni, unaingia kwenye ini. Ini hulazimika kwanza kuipitia damu hiyo, kwa sababu imebeba kila tulichokula na kunywa. Baada ya hapo ndipo huachiliwa iende zake.

Celestine mshipa ule mnene umeziba. Umeziba zamani, pengine tangu utotoni. Ini lake lenyewe ni zima kabisa, ila damu haina njia ya kulifikia. Basi damu imerudi nyuma ikajaa kwenye bandama, ndiyo maana bandama imevimba mpaka ikasukuma sweta. Na nyingine imetafuta njia za pembeni, vimishipa vyembamba vilivyoko mwisho wa koo la chakula, ambavyo havikuumbwa kubeba mzigo huo. Vimevimba. Kimoja kimepasuka.

"Na mimba?" nikauliza.

"Mimba gani? Hakuna mimba. Haijawahi kuwako."

Nikamtafsiria Gesare. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema ni kama kituo cha kupimia majani chai, lori lisipofika kwa siku mbili, kila mtu anarudi na mzigo wake na njia zote zinajaa. Nikamweleza daktari. Akasema, "Ndiyo hivyo hasa, mama."

Kisha akamuuliza kama mtoto alipozaliwa kitovu kilimsumbua. Gesare akakumbuka: kilichelewa kupona, kilitoa usaha, akalazwa Nyamira akiwa mchanga. Daktari akasema ugonjwa wa kitovu unaweza kupanda na mshipa mpaka kwenye ini na kuacha bonge la damu pale, lakini mara nyingi mtu hawezi kuwa na hakika, na yeye hana.

"Lakini kilichochokoza sasa hivi nadhani ni vile vidonge," akasema. "Dawa za maumivu huchubua tumbo. Mwalimu, muulize ni vya aina gani, asije akapewa tena."

Nikamgeukia Celestine. Nilimuuliza kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha yangu naye.

"Celestine, baba alikupa vidonge gani?"

Akanishangaa. "Si umuulize mwenyewe? Si huyo hapo."

Na akamwonyesha kwa kidevu mama yake, aliyekuwa anamimina uji.

Katika lugha yetu mama ni *baba*. Baba ni *tata*. Hakuna Mkisii asiyejua. Mimi mwenyewe nilimwita mama yangu *baba* mpaka nikamzika. Kila mwaka Kidato cha Kwanza wanaandika "baba yangu alinizaa" na mimi nachora mstari mwekundu, nacheka, naandika pembeni: *mama*. Mtoto aliyekuwa anakaribia kufa alisema neno lake la kwanza maishani, na mimi, mwalimu wa Kiswahili, nililisahihisha kichwani papo hapo. Daktari si wa huku. Afisa si wa huku. Mtu wa huku aliyekuwepo nilikuwa mimi peke yangu, na niliulizwa, na nilithibitisha.

Daktari aliona uso wangu. "Kuna nini?"

Nikamweleza. Akaanza kucheka, "Baba ni mama? Nyinyi watu nyinyi..." halafu akanyamaza. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Na yule mzee yuko nje," akasema.

Gesare aliuliza tunazungumza nini. Nikamuuliza vidonge. Bila wasiwasi wowote akafungua fundo la leso yake, akatoa karatasi yenye vidonge viwili vilivyobaki. Ni vya maumivu, alivyonunua dukani Marani kwa ajili ya mgongo, maana kuchuma chai kunauvunja. Mtoto alikuwa analia kichwa, akampa vichache kwa siku tatu. Kisha akatutazama mmoja mmoja, na akaelewa.

"Ni mimi nimemuua?"

"Hajafa, mama," daktari akasema kwa Kiswahili. "Na hukujua. Hakuna aliyejua."

Lakini alilia hata hivyo, na Celestine akawa anamshika bega na kumwambia anyamaze. Hapo ndipo nilipomweleza kwa nini mumewe hayumo humu ndani. Aliacha kulia. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Na wewe ulimsikia, ukanyamaza na mimi niko hapa?"

Nikatoka nikamtafuta Mose. Alikuwa palepale ukutani. Nikamweleza yote, na nilizungumza haraka sana, na nikajikuta namweleza pia habari za ini na bandama, ambazo hakuniuliza.

"Kwa hivyo ni hilo neno tu," akasema.

"Ni hilo neno tu, Baba Celestine. Nisamehe."

Akafikiri. "Sawa," akasema. "Naweza kuingia sasa?"

Na sikuweza kumwambia ndiyo, kwa sababu si mimi mwenye ruhusa.

Jumatano, 21 Mei

Nimekwenda kwa afisa wa watoto kubadilisha maelezo yangu. Alinisikiliza kwa makini na mara hii hakusifu ufasaha wangu.

"Mwalimu, wiki iliyopita ulikuwa na hakika."

"Nilikuwa na hakika."

"Na leo una hakika."

Akasema faili ikishafunguliwa haifungwi kwa mdomo wa mtu mmoja. Lazima azungumze na mtoto, na mama, na daktari. Niliomba wakati huo Mose aruhusiwe hata dakika. Akakataa. Simlaumu. Nimerudi na mvua mgongoni.

Ijumaa, 23 Mei

Mose ameruhusiwa kuingia wodini leo. Celestine alimwambia, "Tata, umekonda," wakacheka wote wawili, na mimi nikatoka nje ili nisiwepo.

Jumatano, 28 Mei

Wamemwingiza Celestine mpira wenye kamera kooni na kufunga vile vimishipa kwa vipira vidogo, kimoja kimoja. Daktari anasema hiyo ni kuziba nyufa tu. Njia yenyewe bado imekatika.

Ijumaa, 30 Mei

Nimeamua kuwaeleza watu, kwa sababu mimi ndiye niliyeanzisha. Leo nimesimama katika chumba cha walimu nikachora ubaoni tumbo, utumbo, bandama, ule mshipa mmoja unaokusanya yote na kuingia kwenye ini. Nilipofika kwenye bandama, chai ilikuwa imeletwa na nusu yao wameinuka. Bwana Nyangau alibaki mpaka mwisho, tena akauliza maswali mazuri. Kisha akasema, "Lakini mwalimu, moshi hautoki hivi hivi."

Nilitaka kumrushia chaki. Nimechoka mno hata kurusha chaki. Mimba ni neno moja, kila mtu analibeba bila kutokwa jasho. Huu mshipa unataka nusu kipindi na ubao, na watu wana njaa.

Jumanne, 3 Juni

Mama muuza nyanya pale Marani ameniuliza kama ni kweli yule mzee aliachiliwa kwa sababu ana watu wakubwa. Nimemtembeza tumboni mwa binadamu kote, foleni ikiwa nyuma yangu. Akanisikiliza vizuri, akanipa nyanya, akasema, "Mungu ndiye anajua."

Jumamosi, 7 Juni

Mzee wa kanisa, Momanyi, aliniomba nije Sabato yao niseme mwenyewe. Mimi Mkatoliki, sijui hata wanasimama lini na kuketi lini. Mose alikuwa kwenye benchi la nyuma, koti lake limepigwa pasi. Gesare alikuwa hospitalini na mtoto.

Nilisema kwa Kikisii. Nilianza na mishipa ya damu, wakasinzia, nikaiacha. Nikawaambia: mtoto aliulizwa nani alimpa dawa, akajibu *baba*, na mimi nikamwambia daktari kwamba ni baba yake kwa Kiswahili.

Kwanza mama mmoja mbele akashika mdomo. Halafu kanisa lote likapasuka kwa kicheko. Walicheka mpaka wakafuta machozi, wengine wanagongana mabega, mzee Momanyi mwenyewe ameinamia Biblia anatikisika. Nadhani kilikuwa kicheko cha watu waliotuliwa mzigo, na pengine hakikuwa na ubaya. Mose hakucheka. Walipomaliza walimrudishia mfuko wa sadaka, akaupokea kwa mikono miwili, akaupitisha safu kwa safu kama kawaida yake. Uliponifikia nilitia nilichokuwa nacho na sikuweza kumtazama.

Jumatano, 11 Juni

Ametapika damu tena. Si nyingi kama mara ya kwanza. Daktari Oyoo amesema sasa basi, aende Eldoret kwa wapasuaji wanaojua kazi hiyo. Niliogopa sana leo. Nilikuwa nimeanza kudhani kwamba jambo kubwa lilikuwa lile neno, nikasahau kwamba mtoto anaweza kufa.

Ijumaa, 13 Juni

Wameondoka kwa gari la hospitali, wote watatu.

Jumapili, 15 Juni

Nimechuma chai ya Mose pamoja na majirani wanawake. Vidole vimekuwa vyeusi na mgongo umekataa kunyooka. Nimemwelewa Gesare na vidonge vyake.

Jumatano, 18 Juni

Natasha ameniuliza kama anaweza kumwandikia Celestine barua. Nimemwambia aandike kwa lugha yoyote anayotaka, na sitaisahihisha.

Jumanne, 24 Juni

Leo ndiyo siku ya upasuaji. Nimefundisha ngeli vipindi vinne na sikumbuki nilichosema. Jioni Gesare akapiga simu, akampa daktari wa Eldoret azungumze nami. Wamechukua mshipa wa bandama wakauunganisha na mshipa wa figo la kushoto, ulio jirani yake. Damu ya bandama sasa haitangoja tena ule mlango ulioziba. Itapitia njia ya figo na kwenda moyoni.

"Inashika?" nikauliza.

"Mpaka sasa inashika."

Nimemtafsiria Gesare. Kisha nikakaa juu ya kitanda na kulia, kwa uchovu zaidi kuliko furaha, sidhani tofauti ilikuwa kubwa.

Alhamisi, 3 Julai

Picha nyingine imepigwa. Damu inapita. Bandama imeanza kunywea.

Jumatatu, 14 Julai

Mitihani. Mvua ya mchana. Bati.

Jumapili, 20 Julai

Wamerudi.

Gari liliishia barabarani. Njia ya kupanda kwa Mose ni mwinuko wa udongo mwekundu, na tangu juzi mvua imeufanya sabuni. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, majirani, kanisa, nusu ya darasa langu, hata Bwana Nyangau na mwavuli wake. Wanawake waliimba. Celestine alishuka amevaa lile sweta lake la shule, na vifungo vyote vimefungwa. Nadhani alilivaa makusudi. Alisalimia watu mmoja mmoja, amekonda, anacheka.

Kisha akautazama mlima. Madaktari wamemkataza kujikaza tumbo, na kidonda bado kibichi. Alijaribu hatua chache, akateleza, Natasha akamdaka.

"Hawezi," Gesare akasema. Akamgeukia mumewe. "Mbebe."

Nyimbo zikapungua. Mose alikuwa nyuma ya gari anashusha mizigo. Akaweka begi chini, akafuta mikono kwenye koti, akaja mpaka mbele ya binti yake, akasimama. Celestine akamnyooshea mikono, kama anavyofanya mtoto mdogo. Mose hakumchukua. Watu wote walikuwa wanamwangalia, na yeye akainua macho akapita juu ya vichwa vyao, juu ya Gesare, mpaka akaniona nilipo kando ya ua wa kahawa, akanitazama. Alikuwa anangoja. Nami sikuelewa anangoja nini.

Nilipoelewa kwamba ni ruhusa yangu, nilitamani ardhi inimeze. Mbele ya watu wote wale nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, na ndipo akainama akambeba binti yake kwenda nyumbani.